Mchezo Uliobaki Chini ya Beseni

Jumapili ile kaka yangu aliumwa katikati ya mchezo. Alikuwa amekaa barazani kwake, hapa Katoyi, mtaa wa Goma, akicheza sataranji, ambayo sisi tunaita eshek kama Wabelgiji walivyotuachia. Alishika ubavu, akautazama ubao kwa muda, akasema, "Tutamaliza." Kisha akachukua beseni la buluu la kuoshea vyombo, akaufunika ubao pamoja na vipande vyake vyote ili kuku wasiuvuruge, akaingia ndani kulala. Hakutoka tena kwa miguu yake. Juma lile lile tulimzika.

Beseni likabaki pale pale juu ya meza ndogo. Waliokuja kutupa pole waliweka vikombe vya chai juu yake, kwa maana hawakujua ni kaburi la namna nyingine.

Mimi ni mdogo wake. Nauza makala, yaani mkaa, kando ya barabara, na shule niliiacha primeri kabla haijaanza kuwa ngumu. Sataranji nilijifunza kwa kusimama nyuma ya kaka na kunyamaza, jambo ambalo naliweza. Kwenye kilio pia nilikuwa mtu wa kunyamaza. Nilitafuta kiti kilicho karibu na ukuta, nikaketi, watu wakapita wakimpa pole mtu aliye karibu nami ambaye alilia vizuri zaidi.

Kwetu mtu hafi bila komite. Kaka aliishi miaka mingi chini ya bati lililovuja na hakuna aliyeunda komite ya bati. Alipokufa, kabla mwili haujatoka hospitali, tayari kulikuwa na prezida, makamu wa prezida, mweka hazina, msemaji, washauri ambao idadi yao iliongezeka kila sufuria ilipofunuliwa, na mtu mmoja wa kushughulikia vinywaji. Vinywaji havikuwepo, lakini yeye alikuwa na wasaidizi wawili. Binamu yetu wa Kinshasa hakuweza kufika kwa sababu uwanja wa ndege umefungwa tangu wenye bunduki waushike mji, nasi tumekwisha kuzoea kusema hivyo kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Kutofika hakukumzuia kuongoza. Alipiga simu asubuhi, mchana na jioni, na kila mara aliamuru jambo ambalo lilikuwa limekwisha kufanyika.

Prezida wa komite alikuwa ndiye yule aliyekuwa akicheza na kaka siku ile. Ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, muuza mbao, mtu mwenye sauti ya kanisani na tumbo la harusini. Walicheza kila Jumapili baada ya misa, mwaka baada ya mwaka, na walipenda sana kukosana. Mwaka tuliokimbia moto wa mlima, volkano ilipolipuka, malkia mweupe wa plastiki alipotea njiani, na Prezida akachonga mwingine kwa mbao ngumu nyekundu kutoka dukani kwake. Alimchonga taji, akamchonga mkufu, akampaka vanishi. Malkia huyo alitoka mrefu kuliko mfalme wake mwenyewe. Tangu siku hiyo Prezida hakukubali tena kucheza na vipande vyeusi.

Kila siku ya kilio, baada ya kusalimia watu, alipita barazani, akainua ukingo wa beseni kama mtu anayechungulia kama wali umeiva, akatikisa kichwa.

"Alikuwa ameshaisha huyu," akawaambia waliokuwa karibu. "Mungu alimuepusha aibu."

Nasi tulijua kwamba anatayarisha hotuba. Siku ya kufunga kilio prezida wa komite husema neno, na yeye alikuwa akilifanyia mazoezi neno lake kila mahali, hata kwenye foleni ya maji. Lilianza na Adamu, likapita kwa Ibrahimu, likafika Katoyi, na mwisho wake ulikuwa huu: kwamba marehemu alikuwa mchezaji hodari, lakini hata hodari hupata mshindi wake, na kwamba siku ile Mungu alimwita kabla yeye Prezida hajammaliza. Hapo alikuwa ameacha nafasi ya watu kucheka. Mimi nilisikia mara kadhaa jinsi alivyonyamaza kwenye nafasi hiyo, akisubiri kicheko.

Mke wa kaka naye alisikia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, na dirisha lilikuwa wazi.

Siku ya kufunga ilifika. Desturi ya watu wetu tuliotoka milima ya Masisi ni hii: kilio hakifungwi huku kitu cha marehemu kimebaki nusu. Mkubwa wa familia huzunguka parseli yote, nyumba na uwanja wake, asubuhi na kuuliza ni kitu gani marehemu alikianza asikimalize, na kila kilichobaki nusu hukamilishwa siku hiyo hiyo, kabla ya sala ya mwisho. Kikibaki, wanasema, kitamwita mtu mwingine wa nyumba hiyo aje akimalize. Kwa hiyo baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki kwetu, alizunguka na fimbo yake ya kuchungia ng'ombe, ingawa ng'ombe wenyewe walikwisha kuibwa zamani.

Kulikuwa na chupa ya bia iliyonywewa nusu. Hiyo ilipata watu wa kuimaliza hata kabla swali halijakwisha. Kulikuwa na redio ambayo kaka aliifungua ili aitengeneze. Mshauri mmoja akaifunga upesi, skrubu chache zikabaki mkononi mwake, akazitia mfukoni akasema imekamilika. Kulikuwa na ukuta wa mawe ya lava nyuma ya choo. Wakapanga mawe matano, wakasema ukuta huwa na mwisho pale mtu anapochoka.

Kisha baba mdogo akagonga beseni kwa fimbo. "Na hapa chini muko na nini?"

Mtu mmoja akalifunua. Vipande vilikuwa vimesimama kama kaka alivyoviacha. Alikuwa amebaki na mfalme mweusi na farasi mmoja. Prezida alikuwa na mfalme mweupe na pioni moja tu, lakini pioni hiyo ilikuwa imetembea karibu ubao mzima. Ilibakiza hatua mbili ifike mwisho, na pioni ikifika mwisho inavuliwa upioni na kuwa malkia. Farasi peke yake hawezi kumuua mfalme. Kwa maneno mengine, kaka hakuwa na kitu cha kushindia. Alichokuwa nacho ni njia ya kutoshindwa, basi.

Prezida akasema hakuna la kumaliza. "Mufu hachezi. Na mwenye hachezi, amepoteza."

Hapo komite ikafanya kazi kwa mara ya kwanza. Msemaji aliona kwamba kutokuwepo kwa sababu ya kifo si sawa na kutokuwepo kwa sababu ya uvivu. Makamu aliona kwamba mchezo ni mali, na mali hurithiwa. Mshauri mmoja akauliza kama mchezo unarithiwa na ukoo wa baba au wa mama. Binamu wa Kinshasa, ambaye alikuwa kwenye simu ya mweka hazina, aliamuru kwamba kila kitu kisimame mpaka yeye atume maelekezo. Walijadiliana kwa ufasaha mkubwa. Sijasikia watu wakijadili hivyo barabara, wala maji, wala nani atamlipia nani shule.

Baba mdogo aliwaacha wachoke, kisha akauliza swali moja. "Viatu vyake alipewa nani?"

Watu wote wakatazama miguu yangu. Nguo za kaka zilikuwa zimegawanywa siku iliyotangulia, na viatu vyake vya kanisani nilipewa mimi. Vilikuwa vikubwa, nimejaza vitambaa kwenye vidole.

"Basi huyo njo atatembea kwa nafasi yake," akasema baba mdogo.

Nikasema mimi si mchezaji. Akasema wala yeye si mganga wa redio lakini redio imefungwa. Hukumu ikawa imetolewa.

Ningekwenda moja kwa moja mezani, lakini mke wa kaka aliniita dirishani. Tangu mazishi hakuwa amesema nami zaidi ya salamu. Watoto wawili walikuwa wamemlalia magotini.

"Shemeji," akasema, "mumalize kabisa. Nusu siitaki humu nyumbani, niko na batoto. Lakini usiache bamushinde kaka yako huku iko nalala."

Ndiyo kazi niliyopewa: nimalize, na nisishindwe. Moja ya hizo ningeiweza.

Basi wakati huo huo akaingia mwenye viti. Katika mji huu ambao benki zimefungwa na wafanyabiashara wakubwa wanakaa mbele ya maduka wakihesabu nzi, yeye peke yake biashara inakwenda. Anakodisha bashi, yaani lile turubai la kujikinga jua na mvua, na viti vya plastiki, na meza. Alikuja na vijana wenye tshukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na sura ya masikitiko ambayo nadhani huwa anaivaa pamoja na kofia.

"Baba, poleni sana tena," akamwambia baba mdogo. "Lakini kule kwingine mufu ameshafika nyumbani, na batu banasimama kwa jua."

Akaelezwa habari ya mchezo. Alisikiliza kwa heshima, maana ni mtu wa vilio, ameona mengi. Kisha akasema meza ile ndogo nayo ni yake, kaka aliikodi zamani na hakuirudisha.

Ilibidi kufanya mazungumzo. Mwisho wake ulikuwa kwamba angeanza kutoa bashi, kisha viti, na meza ingekuwa ya mwisho. Mweka hazina akatega kengele kwenye simu yake. Simu ikilia, meza inaondoka, mchezo uwe umekwisha au haujakwisha. Na baba mdogo akaongeza yake: kama haujakwisha, vipande vyote vitachomwa, na mtu yeyote asiutaje tena mchezo huo katika parseli hii, hata kwa hotuba.

Prezida akakunja mikono ya shati. Adamu na Ibrahimu wangebaki peke yao.

Tukaketi. Nilimtazama farasi wa kaka kwa muda mrefu, nikisubiri aniambie kitu. Nilikuwa nikijua jambo moja tu ambalo kaka alilisema mara nyingi, kwamba pioni ya adui usiikimbize, isimamie mbele. Kwa hiyo nilimrudisha mfalme mweusi mpaka mstari wa mwisho, mbele ya pioni ile, nikamzungusha farasi huku na huku. Prezida akamsogeza mfalme wake karibu, polepole, kama mtu anayesogeza kiti karibu na chakula. Juu yetu vijana walikuwa wakifungua kamba za bashi. Kivuli kikakatika vipande vipande, jua likaanguka juu ya ubao, kisha juu ya vichwa vyetu.

Watazamaji walizidi. Aliyenyang'anywa kiti hakuenda nyumbani, alikuja kusimama nyuma yetu, na kila kiti kilichopakiwa kwenye tshukudu kilituletea mshauri mpya. Mmoja akaninong'oneza niende kulia. Mwingine akasema kulia ni kifo. Baba mdogo, ambaye hakuujua mchezo hata kidogo, aliinama juu ya bega langu na kuuliza kwa huzuni ya kweli, "Mfalme iko nakimbia kwa miguu, na farasi iko pale. Kwa nini asipande?"

Nikamwambia haruhusiwi.

"Utawala gani huo," akasema.

Mtu anaweza kusema ni mchezo tu, na mimi mwenyewe ningelisema hivyo kwa kilio cha mtu mwingine. Lakini kila niliposhika kipande niliona kwamba wa mwisho kukishika alikuwa kaka, na kwamba kila hatua ninayocheza inafuta hatua yake. Nikimaliza, hakutakuwa tena na kitu chochote duniani kinachomsubiri yeye. Nisipomaliza, mke wake hatalala usiku, atahesabu watoto. Nikatamani simu isilie, na nikatamani ilie. Katika hali hiyo nikamchukua farasi, nikamweka karibu na mfalme wangu, upande mmoja, kama ngao.

Papo hapo simu ikalia.

Mwenye viti hakungoja. Alikwisha kusimama karibu, akaishika meza kwa pande mbili na kuinyanyua. Prezida akaishika upande wake, mimi wangu, vipande vikateleza, na mweka hazina akawa anapiga kelele kwamba si kengele, si kengele, ni Kinshasa. Ilikuwa kweli. Sauti ya binamu ikasikika hewani, juu ya vichwa vya watu: "Mumefikia wapi? Musifunge kitu bila mimi." Mtu akamjibu kwamba hatujafunga, akakata simu.

Meza ikarudi chini. Wafalme wawili walikuwa wamebaki mahali pao, na pioni pia, kwa sababu Prezida alikuwa ameizuia kwa kidole. Farasi alikuwa ameanguka chini kwenye mawe. Mshauri mmoja akamwokota, akamfuta vumbi kwa shati, akamrudisha ubaoni kwa adabu. Alimweka nyumba moja ya ubao pembeni ya pale nilipokuwa nimemweka.

Hakuna aliyeona. Prezida alikuwa akipangusa jasho. Nami nilipomtazama farasi pale alipowekwa, ndipo nikaelewa kwamba pale nilipokuwa nimemweka mimi palikuwa mdomoni mwa pioni, kwa sababu pioni inatembea mbele lakini inakula kwa upande. Nilikuwa nimesahau. Pale alipowekwa sasa alikuwa salama, na kutoka hapo mchezo ungeweza kuzunguka mpaka tukakubaliana sote kuwa umekwisha.

Dirishani mke wa kaka alikuwa ameinuka kutazama.

"Prezida," nikasema, "farasi haikuwa hapo. Ilikuwa hapa."

Nikamrudisha. Watu nyuma yangu wakapumua wote kwa pamoja, kama gurudumu linalotoboka. Mtu akasema taratibu kwamba sasa ndiyo nimemzika ndugu yangu mara ya pili.

Prezida aliniangalia mimi, si ubao. "Hapa?"

"Hapo."

"Kaka yako angenyamaza," akasema.

Sijui kama ni kweli. Kaka alikuwa mtu mwema lakini alipenda kushinda.

Pioni ikamla farasi. Prezida hakufurahi kumchukua, nilimwona, lakini alimchukua. "Eshek kwa mfalme," akasema, maana pioni ile ile sasa ilikuwa imemkabili mfalme wangu, na nyuma yake mfalme mweupe akiilinda, nisiweze kuila. Ilibakiza hatua moja ifike mwisho.

Nilikuwa na mahali patatu pa kukimbilia. Wanaojua wameniambia baadaye kwamba mahali pamoja palikuwa pazuri, mbele ya pioni hiyo, na mpaka leo kuna wazee wanaonisimamisha barabarani, na mfuko wangu wa makala begani, wanieleze. Wakati ule sikuona. Mwenye viti alikuwa ameweka mikono kiunoni. Mweka hazina alisema kwamba kengele i karibu. Nikamtoa mfalme kwenye mstari wa mwisho, nikamsogeza ukingoni kabisa, karibu na kona, mahali ambapo mtu mwenye hofu angekwenda. Watu wakaguna. Hata baba mdogo aliguna.

Basi hapo ndipo mambo yalipofanyika kama yanavyofanyika kwetu.

Kuna kanuni ambayo kaka alikuwa ameisoma mahali fulani, kwamba pioni ikifika mwisho hailazimiki kuwa malkia. Mwenye pioni anaweza kuchagua: mnara, farasi, chochote. Aliposema hivyo barazani, miaka iliyopita, walimcheka mpaka chai ikamwagika. Nani afike mwisho, baada ya kutembea kote huko kwa miguu, halafu aombe kuwa mnara? Tangu lini mtu wa Goma aliyefika juu akauliza kama kuna kazi ndogo? Mimi pia nilicheka. Hata siku ile, kama pioni ingekuwa yangu, ningechukua malkia, wala nisingefikiri.

Prezida akasimama. Aliona kwamba jambo hili halifanywi kwa kuketi. Akaisukuma pioni mpaka mstari wa mwisho, akaiondoa, akanyoosha mkono pembeni bila kutazama.

"Munipatie malkia yangu," akasema.

Malkia mwekundu alikuwa amelala kando ya ubao tangu Jumapili ile, kwa sababu kaka alikuwa amemla mapema. Akapitishwa mkono kwa mkono. Prezida akampulizia vumbi, akampangusa taji kwa kidole gumba, akamwinua kidogo ili watu wa nyuma waone, akamtua pale pioni ilipokuwa. Kisha akatazama watu na kunyamaza, na nikaijua ile nafasi. Ilikuwa ile ya kicheko. Watu wengine walicheka kweli, kwa adabu. Prezida akataka kuketi, akakuta kiti hakipo. Kilikuwa tayari juu ya tshukudu. Ikabidi abaki amesimama.

"Cheza," akaniambia.

Nikamshika mfalme. Nikatazama mbele yake: malkia anapaona. Nikatazama nyuma: malkia anapaona. Kando: mfalme mweupe amepakalia. Nikajaribu tena, kwa kidole, nyumba moja moja, kama mtu anayetafuta mlango gizani nyumbani kwa watu.

"Niende wapi?" nikauliza. Niliuliza kwa kweli.

"Popote. Ni kufa tu."

"Hakuna popote, Prezida."

"Basi umekufa."

"Lakini hakuna mwenye ananipiga."

Akainama. Aliinama kwa haraka, kisha akabaki ameinama. Nilimwona akifuata njia za malkia wake moja baada ya nyingine, macho yakienda na kurudi, na zote zilipita pembeni ya mfalme wangu, hapa, hapa na hapa, na hakuna hata moja iliyomgusa. Nilidhani Prezida atabisha. Komite yote ilikuwa nyuma yake, na komite ikiamua kwamba mfalme amekufa, amekufa; tumeona ikiamua makubwa kuliko hayo.

"Pat," akasema Prezida.

Mshauri mmoja akauliza pat ni nini.

"Hana pa kwenda, na hakuna anayempiga. Mchezo umeisha. Hakuna mwenye ameshinda."

"Kama siye," akasema mtu mmoja nyuma. Watu wakacheka kidogo, halafu wakatazama mlangoni, kama tunavyofanya siku hizi baada ya kucheka.

Prezida hakucheka. Alimtazama malkia wake mwekundu, mrefu, mwenye taji na mkufu, na nadhani alikumbuka chai iliyomwagika na kuona kwamba mnara ungemwachia mfalme wangu nyumba moja ya kukimbilia, kisha ungemmaliza hapo, kwa sababu alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Mnara. Alituambia." Kisha akasema, "Hata akiwa amelala, huyu mutu ananikatalia." Na hapo mtu yule mnene mwenye sauti ya kanisani akalia. Hakulia kama walivyolia wale wa mlangoni, wanaoacha wakiona sahani. Alilia akiwa ameshika ukingo wa meza ya kukodi, mabega yakitikisika, na mwenye viti, ingawa kengele ya simu ilikuwa sasa inalia kweli, aliiacha ilie.

Nilishangaa. Siku zote zile nilidhani kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikilifikiria beseni lile.

Meza ikaondoka. Ubao niliuweka chini, juu ya mawe. Baba mdogo akatangaza kwamba hakuna kilichobaki nusu, katekista akasali, na Prezida akaitwa aseme neno. Alisimama pale bashi lilipokuwa, jua likiwa utosini. Alianza na Adamu. Kwa Ibrahimu akapotea njia. Akasimama kwa muda, watu wakidhani ni nafasi ya kitu fulani, kisha akasema, "Nilitaka kuwaambia nilimumaliza. Sikumumaliza." Akaketi chini, kwa maana viti vilikuwa vimekwisha. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote zilizowahi kusemwa Katoyi, na makamu wa prezida aliilalamikia baadaye.

Mke wa kaka alinikuta nikiokota vipande.

"Wamemushinda?" akauliza.

"Hapana."

"Amewashinda?"

"Hapana vilevile." Nikamweleza kwamba nilicheza vibaya, nikampoteza farasi, nikamkimbiza mfalme mahali pa kipumbavu, na kwamba ni malkia wa Prezida ndiye aliyetuokoa.

Akafikiri. "Lakini imeisha."

"Imeisha."

Akaliokota beseni. Lilikuwa na alama za mviringo za vikombe vya siku zote zile. Akalisugua kidogo kwa kiganja, akaenda nalo nyuma, kwenye vyombo, na nikasikia maji yakimiminwa ndani.

Prezida alikuwa akiondoka. Alipofika mlangoni alirudi, akasimama mbele yangu, akaniangalia miguu. Nikaona aibu ya vile viatu, vitambaa vilikuwa vimeanza kutoka pembeni.

"Jumapili baada ya misa," akasema, "utakuja na huo ubao. Lakini utavaa viatu vyako."